Kanze Ana Homa Kidogo

Marangu, Tanganyika
9 Februari 1948

Mama Kanze,

Salamu hizi zikukute jikoni, maana sijui pengine pa kukutafutia. Mimi ni mzima wote isipokuwa pua. Pua imepoa tangu tuliposhuka stesheni ya Moshi, na mpaka leo haijakubali kupata moto.

Tulisafiri vizuri. Bwana na Memsahib walilala daraja la kwanza, mimi nikalala na masufuria yao. Pale Voi tulipobadili treni, mtu mmoja mnene alikikalia kikapu changu cha mayai. Basi Memsahib anakula mkate mtupu asubuhi na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyaatamia.

Huu mlima, mke wangu, siku ya kwanza sikuuona. Niliona wingu. Nikamwambia Elia, Mchagga anayewaongoza wapagazi, kwamba wingu la kwao ni vivu, tangu alfajiri halijasogea. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndio wenyewe. Mimi nilikuwa nautafuta chini ya mawingu, nao umekaa juu yake.

Bwana anawangoja rafiki zake wawili kutoka Nairobi, ndipo tupande. Nitawapikia mpaka kibanda cha mwisho. Kutoka hapo hadi kileleni mpishi huwa haendi, lakini Bwana amesema nikitaka nifuatane nao. Nataka. Maisha yangu yote kilima kikubwa nilichopanda ni kile cha kwendea stesheni ya Changamwe, na hata hicho huwa nakipanda nikiwa nimebeba mkaa. Safari hii nitapanda kwa kupenda.

Mwambie Kanze baba anamsalimu, na asiwafukuze kuku wa Memsahib, wataacha kutaga.

Jambo moja, na hili si mzaha. Kukitokea la kutokea huko, niandikie wewe mwenyewe. Usimpe baba mdogo Ngumbao kalamu. Unamjua. Mama alipofariki, mimi niko Nairobi na Bwana, mzee aliniandikia, "Mama yako ana homa kidogo. Ukipata nafasi, njoo." Ndiyo desturi ya wazee wetu, kifo hakiandikwi kwenye karatasi, msafiri asije akaanguka njiani peke yake. Lakini mimi nilikuja na shali ya kumfunika mgonjwa, nikaonyeshwa kaburi limeshaota majani. Tangu siku ile nikiuona mwandiko wake moyo hunishuka. Kwa hiyo kalamu ishike wewe.

Mumeo,
Lewa

Changamwe
13 Februari 1948

Baba Kanze,

Pua yako pole. Ifunge kitambaa, na mdomo pia ukiweza, maana naona baridi haijaupata.

Nimewasomea wenzako wa bao barua yako. Wanasema hufiki. Wanasema mtu anayetapika kwenye kivuko cha Likoni, maji matulivu, hawezi mlima. Nimekutetea kwa kuwa ni wajibu wangu, lakini sikutetea sana.

Huku hatujambo. Mihogo ya Mikindani imekomaa, nimekwenda na shemeji Mbeyu tukachimba kikapu. Kuku wa Memsahib wanataga. Kanze ana mafua. Tafadhali usianze, ni mafua tu, alicheza na maji ya kuku mpaka gauni likalowa na mimi sikumwona mapema. Amelala hapa karibu nami ninapoandika.

Anauliza kama huko juu ukifika utamwona bibi yake. Nilimwambia bibi yuko mbinguni. Akasema ndiyo, si huko juu? Hilo utamjibu wewe ukirudi. Tangu aambiwe kuwa amepewa jina la bibi amekuwa mkubwa wetu sote, jana amenikataza kukaanga samaki kwa sababu ati Bibi Kanze hapendi moshi.

Wewe panda mlima wako. Nafasi kama hii mtu hapewi mara mbili, na sitaki uje kuniambia uzeeni kwamba nilikunyima. Huku mimi nipo.

Wako,
Kafedha

Mikindani
16 Februari 1948

Kwa mwanangu Lewa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Sisi sote hatujambo kwa neema yake. Mahindi yamekauka, lakini mihogo ipo. Mwalimu wa kanisa anakusalimu.

Baada ya salamu nakuarifu kwamba mtoto Kanze ana homa kidogo. Ukipata nafasi, njoo. Usiwe na haraka njiani. Mungu ndiye apangaye.

Ni mimi baba yako mdogo,
Ngumbao

Marangu
19 Februari 1948

Kafedha,

Nimepata barua ya baba mdogo. Najua.

Usihangaike kunificha, wala usimlaumu mzee, amefanya kama walivyofanya wakubwa wake. Nilikuwa namenya viazi. Memsahib akanipa barua, nikauona ule mwandiko wa herufi kubwa kubwa, nikajua kabla sijaifungua. Homa kidogo. Ukipata nafasi, njoo. Ni maneno yale yale, Kafedha, hakubadili hata moja. Kwa maneno hayo nilizikiwa mama, na kwa maneno hayo nimezikiwa mtoto mwenye jina la mama.

Wewe uliniandikia mafua. Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali ulipojua. Mafua yanamuuaje mtoto? Alikuwa ananifukuzia kuku juzi tu.

Nililia nyuma ya jiko mpaka Elia akaja akanishika mabega, akakaa nami. Bwana akauliza kuna nini. Nikamwambia mtoto wangu amefariki. Akasema kesho kuna treni kutoka Moshi, atanipeleka stesheni kwa gari lake mwenyewe. Nikamwambia sitaki. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na labda ndivyo.

Lakini nije nionyeshwe nini? Mchanga? Mama mmemzika bila mimi, na mwanangu mmemzika bila mimi. Nikija mbio au nikija taratibu, atakuwa palepale. Siwezi kuingia nyumba ile sasa hivi nikalikuta gauni lake kwenye kamba. Nipe siku chache.

Kesho kutwa tunaanza kupanda. Aliuliza kama nitamwona bibi yake huko juu. Nakwenda kuwaita wote wawili. Sema ni upuzi wa mtu mzima, lakini sina kingine cha kumfanyia.

Umlilie na kwa upande wangu.

Lewa

Hospitalini, Mombasa
22 Februari 1948

Lewa,

Mtoto yu hai!

Yu hai, wanisikia? Naandika nimekaa sakafuni kando ya kitanda chake, mkono wake uko kwenye nywele zangu. Ana kichomi. Yale mafua nilikudanganya. Alikuwa na homa tangu siku ile, nikaogopa utaiacha safari yako, nikasema itapungua. Hilo ni kosa langu na nitalibeba mwenyewe. Lakini mtu hukaa akamlilia mtoto aliye hai? Huo ni uchuro, Lewa. Unamchuria mwanao! Nimeichana barua yako, nikaona haitoshi, nikaipeleka jikoni kwa wapishi wa hapa nikaitia motoni.

Mimi ndiye niliyemwambia baba mdogo akuandikie. Tulikuja na lori la mkaa, sikuchukua hata kanga ya pili, sembuse kalamu, na mtoto amening'ang'ania shingo hataki niondoke. Nilikumbuka ulivyoniagiza. Nikamwambia mzee, mwandikie wazi kwamba yu hai na anamwita. Akaitikia, "Nimesikia, mwanangu." Leo nilipomwonyesha barua yako ndipo aliponiambia kuwa hakuandika hivyo. Ati kumwandika mgonjwa kwamba yu hai ni kuyakumbusha mauti kuwa bado hayajamchukua. Basi akaandika kama anavyojua kuandika. Amekaa pale nje kwenye baraza tangu asubuhi, hataki kuingia.

Kanze aliniona naifungua barua yako. Akauliza, "Baba asemaje?" Ningefanyaje? Nikamsomea. Nimeshika karatasi ile ya msiba wake mwenyewe huku namtungia maneno, kwamba baba ameuona mlima akadhani ni wingu, pua yake imekataa kupata moto, wapagazi wanamcheka, anarudi nyumbani. Akataka nirudie pale pa pua. Nikarudia.

Anachomwa sindano. Leo amekunywa uji kidogo na daktari akanitikisia kichwa vizuri. Homa ikipanda anakuita, ikishuka anauliza treni imefika wapi. Shuka, Lewa. Kama uko mlimani shuka, kama umelala amka. Nimebandika stempu zote nilizopata, na nimeandika juu ya bahasha kwamba akupe mtu yeyote akuonaye.

Njoo.

Kafedha

Kibanda cha mwisho, mlimani
24 Februari 1948

Mke wangu,

Rafiki mmoja wa Bwana ameshikwa na kichwa, anashushwa, nami nampa mpagazi wake barua hii aitie posta. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi, utanisamehe herufi.

Nimefika juu.

Njiani kazi yangu ilikuwa ile ile. Nilipika tu. Huku hata moto umebadilika tabia. Maji yanachemka haraka, lakini ukitia kidole hayaunguzi kama ya kwetu. Maharagwe nimeyapika tangu mchana mpaka jioni, yakabaki mawe, na chai inapoa kabla ya kufika mdomoni. Elia ananiambia polepole, polepole, kila nikitaka kukaza mwendo. Nilikuwa nikikaza kwa sababu nikienda taratibu namwona mtoto.

Leo tumetoka kungali giza. Mlima wa mwisho huo ni kokoto tupu. Unapanda hatua mbili, unateremshwa moja, na kifua kinatafuta hewa haipo. Bwana alitapika. Mimi, ambaye hutapika Likoni, sikutapika, waambie wenzangu wa bao. Jua lilipochomoza tulikuwa ukingoni, na barafu iko mbele yangu kubwa kama majumba, na chini ni mawingu tu, hakuna Changamwe, hakuna Moshi, hakuna mtu.

Bwana akawa anapeana mikono na mwenzake. Mimi nikajitenga kidogo, nikaita. Niliita mara moja tu, kwa kuwa jina lao ni moja.

Hakuna aliyeitika, na sikutegemea. Lakini nimekaa pale juu ya jiwe, Kafedha, na nikasikia moyo unaachilia. Nimemwambia aende na bibi yake, asiniangalie tena mimi. Nimemwambia namwachia. Elia akanivua kofia, tukasali Baba Yetu, yeye kwa Kichagga na mimi kwa Kiswahili. Nimeshuka nikiwa mtu mwingine. Naweza kuja nyumbani sasa.

Nivumilie siku hizi mbili tatu za kushuka. Tutamlilia pamoja.

Wako,
Lewa

Simu, Posta ya Moshi
27 Februari 1948

KAFEDHA WA LEWA WODI YA WATOTO HOSPITALI MOMBASA
NIMEPATA BARUA JANA NILIPOSHUKA. NAPANDA TRENI LEO. MWAMBIE KANZE BABA YUAJA. ASINIACHE. LEWA

Changamwe
20 Machi 1948

Kwa Kafedha, mkononi mwa wazazi wake, Kaloleni

Mke wangu,

Nawasalimu wakwe zangu wote, shikamoo zao zote nimeziweka hapa. Nakuandikia kwa kuwa ulipoondoka na kaka zako hukunipa nafasi ya kusema, na kwa kuwa siku zote za matanga ulinipita kama mtu anavyopita mti.

Sikudai. Nataka tu ujue nilivyofika. Baba mdogo alikuja kunipokea stesheni. Nilimwona kwenye jukwaa kabla treni haijasimama, nikaruka. Nikamwuliza, "Mtoto?" Akanishika mkono, akasema, "Homa imepungua, mwanangu, twende nyumbani." Nikamwamini! Baada ya yote hayo nikamwamini, Kafedha, kwa kuwa nilitaka. Nilitembea naye njia nzima nikimsimulia theluji. Tulipofika kwenye kona ya nyumba za reli nikasikia wanawake.

Simsemi vibaya mzee. Hali chakula. Mbeyu anampelekea ugali na kuurudisha ulivyo. Juzi aliniambia, "Mimi nilidhani naukinga moyo wako." Nami nilipewa gari mpaka stesheni nikalikataa. Ningepanda treni ile ya kwanza ningemkuta akinywa uji. Hilo nalijua kila nikiamka, hakuna haja ya mtu kunitajia.

Nimeliacha gauni lake kwenye kamba. Memsahib aliniuliza kama aliondoe, nikamwambia hapana.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, urudi. Nitakuja kukuchukua kwa heshima, na baba mdogo na wazee wengine, kama siku ile ya kwanza. La pili, hata kama la kwanza hutaki, niambie alivyokwenda. Hakuna anayeniambia. Kila ninayemwuliza anasema alilala tu. Nimechoka kuhurumiwa. Simu yangu ilifika? Aliniulizia? Ulimwambia nini?

Mumeo,
Lewa

Kaloleni
30 Machi 1948

Lewa,

Wazazi wamepokea salamu. Jumapili tulikuwa na Pasaka hapa, wameimba vizuri, mimi nilikaa nje.

Nitakuambia, maana mimi kalamu nimeishika na sitakuficha.

Simu yako ilifika mchana. Karani aliileta mwenyewe mpaka kitandani, nikamsomea Kanze, na safari hii sikutunga, nilisoma yaliyoandikwa. Alifurahi. Alisema nimchane nywele. Nikamchana.

Jioni pumzi zikaanza kuwa fupi. Mwuguzi mmoja, Nyambura, akaja kumtazama, kisha akanitazama mimi, akaniwekea kiti karibu zaidi. Kanze akauliza, "Baba amefika wapi?" Ulikuwa hata Voi hujafika. Nikasema amefika Voi. Akafumba macho kidogo, akauliza tena. Nikasema Samburu. Nilikuwa nakusogeza, Lewa. Kila pumzi ikifupika nakusogeza stesheni moja, Mariakani, Mazeras, Miritini. Nilikuleta kwa kasi ambayo hakuna treni iliyowahi kuja nayo. Miritini nikakukawiza, nikasema wanatia maji kwenye injini, kwa kuwa niliona nikikufikisha Changamwe sina tena pa kukuweka.

Lakini alikuwa anachoka kungoja. Nikaona ni dhambi kumchelewesha. Nikamwambia amefika. Yuko hapo nje anasalimiana na babu Ngumbao. Huyo anakuja. Huyo mlangoni.

Akageuza kichwa kuutazama mlango. Hakukirudisha.

Mwambie baba mdogo ale chakula. Mwambie mkwewe amesema hana kisasi naye. Nami nilidanganya kama yeye, na kwa sababu ileile, na ningerudia. Barua yako ya mlimani ilifika tukitoka kuzika. Nimeisoma yote. Umesema ulimwachia, ukamwambia asikuangalie tena. Sisemi kwamba alikusikia. Mimi si mtu wa kusema hivyo. Najua ulilia kwelikweli na ulipanda kwelikweli, na hakuna aliyempenda kukushinda.

Lakini usije, Lewa. Usiwasumbue wazee. Sikuachi kwa hasira, hasira imekwisha, ningekuwa nayo ingenisaidia. Ni kwamba siku utakayofika, hata uje na watu na heshima zote, utasimama mlangoni kama watu wote wanavyosimama, ukisema hodi. Na mimi nitageuka kukutazama.

Kafedha